Kangaga la Ukutani

Mtaani walimwita Fundi Sasahivi. Ukimpigia simu kwamba bomba limepasuka alijibu neno hilo hilo, "Sasa hivi," na kweli, kabla hujamaliza kukusanya ndoo, alikuwa mlangoni na mkoba wake wa spana. Mkewe alikuwa na jina lake mwenyewe la kumwita: Fundi Kesho. Uani kwao, pale bomba kubwa lilipopanda ukutani kwenda kwenye tangi, palikuwa na kiungo kilichovuja tangu walipohamia. Mkewe akisema, "Fundi, lile bomba," alijibiwa, "Kesho." Kesho hiyo ikazaa miaka. Nyumba za wateja zilikuwa kavu hadi raha, na ya fundi mwenyewe ilidondoka mchana kutwa.

Maji yakidondoka mahali pamoja muda wote huo, kitu hakikosi kuota. Kwenye ufa wa ukuta, chini ya kile kiungo, ulitokea mmea ambao hakuna aliyeupanda. Majani yake yalikuwa marefu, yamechanika pande zote mbili kama unyoya wa kuku, na yale machanga yalitoka yamejikunja, yakawa yanajikunjua polepole kadiri siku zilivyokwenda. Haukutoa ua hata siku moja. Lilikuwa kangaga, mmea wa mahali penye kivuli na unyevu, na mtu mwingine angeling'oa bila kufikiri mara mbili. Mkewe alilipenda. Akawa anaongea nalo anapofua, na fundi akiwa chumbani alidhani anaongea na jirani. Kuanzia hapo mama wa watu hakudai tena bomba litengenezwe. Fundi wala hakujua kwamba ameacha kudaiwa. Alishukuru tu kwamba kelele zimekwisha.

Kisha mkewe akaugua, na ugonjwa haukumpa nafasi. Watu walijaa, wakalia, wakapika, wakafariji, wakaondoka. Binti yao, mtoto wa pekee, alikaa hadi ruhusa yake ya kazi ilipokwisha, naye akarudi mji wa mbali anakoishi. Asubuhi iliyofuata fundi aliamka upande wake ule ule wa kitanda, kule ukutani, akakuta hana wa kumruka ili ashuke. Alikaa ukingoni amevaa kiatu kimoja. Simu haikulia. Mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kumwacha apumzike, na kupumzika ndiko kulikomshinda. Ndipo akakumbuka bomba la uani.

Tumseme vizuri hapa, maana nia yake ilikuwa njema. Alijiambia: mke wangu aliniomba kitu kimoja miaka yote, nami sikumfanyia. Akatoa spana kubwa, akafunga koki kuu, akafungua kile kiungo, akakwangua kutu, akazungushia utepe mweupe wa kuzuia maji, akakaza. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuna mteja aliyeiona. Alipofungulia maji alisimama kungoja tone. Halikuja. Akasema kwa sauti, "Haya, mama, tayari," kisha akaingia ndani akalia kama mtoto.

Binti alikuwa akipiga simu kila Jumapili jioni. Tangu zamani mazungumzo ya baba na binti yalikuwa ya namna moja. "Shikamoo, Baba." "Marahaba. Mzima?" "Mzima." "Kazi?" "Inaendelea." "Haya, ngoja nikupe mama yako." Hapo simu ilihama mkono, fundi akarudi kwenye redio yake, na kutoka chumba cha pili akasikia vicheko na umbeya usiokwisha. Si kwamba hawakupendana. Mzee alikuwa mzito wa maneno, binti akamrithi, na katikati yao alikuwepo mtu aliyeongea kwa niaba ya wote wawili. Lolote alilotaka kujua kuhusu bintiye alimuuliza mkewe, mkewe akasema, "Anaendelea vizuri," naye akatosheka.

Jumapili moja, miezi kadhaa baada ya mazishi, walifika mwisho wa maneno yao kama kawaida, na mzee, kwa mazoea tu, akasema, "Haya, ngoja nikupe mama yako."

Fundi alisimama na simu, mkono umeshaanza kunyooka kumpa mtu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Binti ndiye aliyewahi.

"Baba," alisema haraka haraka, "ule mmea wa Mama, ule wa ukutani, bado upo?"

"Upo," akajibu fundi. "Upo, upo."

"Nikija nataka nichukue kipande."

"Ukitaka chukua wote."

Simu ilipokatika alitoka uani kuutazama, kwa mara ya kwanza tangu akaze nati ya kile kiungo. Ukuta ulikuwa mkavu na mweupe. Kangaga lilikuwa limekauka kau, majani yamening'inia yamegeuka rangi ya udongo, na alipoligusa moja lilivunjika mkononi. Hakuhitaji kuelezwa. Maji ya lile bomba bovu ndiyo yaliyolilisha, na yeye ndiye aliyeyafunga. Kitu pekee ambacho bintiye alikuwa amemwomba tangu mama yake azikwe, alikuwa amekwisha kukiua kwa mkono wake.

Alilegeza nati, kiungo kikaanza kudondoka tena, akawa anatoka kila asubuhi kuchungulia ufa. Ukuta ulilowa ukaota doa, lakini kangaga halikurudi, kwa kuwa mizizi ilikuwa imekufa. Alizunguka kwa wauza miche. Walimwonyesha waridi, wakamwonyesha mauamaua ya kila rangi, na alipojaribu kuchora jani hewani kwa kidole walitazamana wakajizuia kucheka. Jumapili zikaja, na kila Jumapili binti aliuliza, "Mmea haujambo?" naye akajibu, "Mzima wa afya." Mtu ambaye hakuwahi kumwambia mteja bomba limepona kama halijapona, sasa alikuwa mwongo wa kila wiki. Likamkaa rohoni. Alichuma jani la mwisho lililobaki zima, akalifunga katika karatasi nyeupe, akalitia ndani ya mkoba wa spana ili aweze kulionyesha popote atakapopita.

Katika jengo la jirani, ghorofa ya juu kabisa, aliishi mama mmoja aliyewahi kufundisha sayansi sekondari. Watoto wa mtaa walikuwa wamekua na kuhama, lakini jina lilibaki: Mwalimu. Naye aliishi peke yake. Alimwita fundi kwa bomba la jikoni, na fundi, akipekua mkoba kutafuta spana ndogo, akaiweka ile karatasi mezani. Ikafunguka. Jani lilikuwa limesogea kando, na pale lilipokuwa limelalia palikuwa na picha yake, kila kichane, iliyochorwa kwa unga laini wa kahawia. Fundi aliona uchafu juu ya meza ya watu. Akavuta pumzi aupeperushe.

"Usipulize!" Mwalimu alipiga ukelele hadi spana ikamponyoka fundi.

"Samahani, Mwalimu. Jani lenyewe lina ugonjwa. Ona vidoa vyake huku chini, vimejipanga safu kama vifungo."

"Ugonjwa gani? Hivyo ni vifuko vyake vya uzazi, na huo unga ndio uliotoka ndani. Kangaga halina ua wala mbegu. Linazaa kwa vumbi hili. Darasani tuliliita spora."

Fundi alilitazama lile vumbi kama mtu aliyeokota pochi yake iliyopotea. "Kwa hiyo nikilipanda, linaota kangaga?"

"Hapo ndipo watu wanapokosea." Mwalimu alivuta kiti, akakaa, na sauti yake ikapanda ngazi ikarudi darasani. "Chembe moja ikiangukia penye unyevu, inaota kitu kingine kabisa. Cha kijani, chembamba kama ngozi ya kitunguu, umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Hakifanani na mzazi wake hata kidogo. Kinalala juu ya udongo, kinaishi maisha yake, na watu wanakikanyaga wakidhani ni utelezi. Sasa, chini ya hicho kimoyo kuna sehemu ya kike yenye yai, na kuna sehemu ya kiume. Ya kiume ikikomaa inatoa mbegu za kiume zinazoogelea. Zikilifikia yai, hapo ndipo kangaga lenyewe linapochipuka."

"Zinaogelea wapi, na pale ni juu ya udongo?"

"Kwenye maji! Si maji ya ndoo. Utando tu, kama ule unaobaki kwenye kioo cha bafuni mtu akishaoga. Usipokuwepo, basi. Ya kiume iko hapa, ya kike iko hapa, katikati ni upana wa uzi, na hazikutani kamwe. Ndivyo ilivyo hata kwa ile mimea midogo ya kijani inayotambaa kwenye mawe mabichi. Yote hiyo ni mimea ya kale, haijapata namna ya kuzaa pakavu."

Fundi alikuna kichwa kisicho na unywele. "Mwalimu, mimi kazi yangu ni kuzuia maji."

"Basi safari hii yaachie."

Alimpa maelekezo yote. Fundi alichukua makopo ya plastiki ya siagi ambayo mkewe alikuwa hatupi, akayajaza udongo, akaumwagia maji yanayochemka ili vilivyomo ndani vife visije vikaota kwanza. Ulipopoa alichukua vumbi kwa ncha ya kisu, akaligonga juu yake kidogo kidogo, akafunika kila kopo kwa nailoni na kuyapanga dirishani bafuni, mahali penye mwanga usio na jua kali. Kwa kulowesha alitumia ile chupa ya kupulizia maji ambayo mkewe alipigia pasi. Alipoibonyeza mara ya kwanza ilitoa harufu ya wanga wa nguo, akalazimika kukaa kwenye ukingo wa beseni kwa muda.

Halafu hakukutokea kitu.

Upweke wa mtu aliyezoea kubishiwa ni mbaya kuliko wa kuzaliwa nao. Fundi alipika wali wa watu wawili kwa sababu hakujua kuupima wa mmoja, akala kiporo siku inayofuata, na asubuhi ya tatu akakimwaga. Alivua viatu mlangoni ingawa aliyekuwa akimfokea kuhusu tope hayupo. Redio aliifungulia sauti ya juu, kisha akaona inaongea na watu wengine, akaizima. Kazini alianza kuchelewa kumaliza. Kubadilisha washa, kile kipete cha mpira cha ndani ya bomba, kazi ya dakika chache, alikugeuza kazi ya asubuhi nzima, akilala chini ya sinki za watu, akisikiliza mama akimgombeza mtoto, mtoto akijitetea, baba akiuliza soksi zake ziko wapi. Wateja wakasema Sasahivi amezeeka. Hakuwa amezeeka. Chini ya sinki palikuwa na watu.

Kwa upande wake Mwalimu alianza kuwa na mabomba yanayoharibika kuliko kawaida. Leo jikoni, wiki ijayo bafuni, kisha jikoni tena. Fundi alizilaumu washa za siku hizi kuwa hafifu, mpaka siku moja alipoitoa moja na kuiona imekatwa pembeni, mkato ulionyooka, wa mkasi. Aliigeuza mara mbili mkononi. Nyuma yake Mwalimu alikuwa akipanga vikombe kwa kelele nyingi kuliko inavyohitajika. Fundi aliitia washa mbovu mfukoni, akaweka mpya, na kwa mara ya kwanza, alipoambiwa "Kaa unywe chai," hakusema ana kazi nyingine.

"Makopo vipi?" Mwalimu aliuliza.

"Udongo mtupu."

"Usiyaguse. Hata mimi nilipokuwa nafundisha, wanafunzi walikata tamaa wiki moja kabla ya kuota."

Wakati huo kila Jumapili binti aliendelea kuuliza habari za mmea. Fundi, kwa kuchoka kusema "mzima wa afya," alianza kupunguza uongo. Alisema umepungua. Alisema anajaribu kuuotesha mwingine kwenye makopo. Binti akauliza kwa nini makopo, na fundi akajikuta anaeleza habari ya vumbi, na udongo uliochemshiwa, na nailoni. Alieleza kila kitu isipokuwa kwamba ule mwenyewe umekufa. Simu ilikuwa ya moto sikioni alipoikata.

Siku ukijani ulipotokea, ukafunika udongo kama uchafu wa mtaro, mkono wake wa fundi ulikwenda wenyewe kutafuta brashi. Maisha yake yote utelezi wa namna ile maana yake ilikuwa moja: kuna mahali panavuja, sugua, ziba. Alijizuia, akabeba kopo hadi kwa Mwalimu, amelikumbatia kifuani, akipandisha ngazi kama mtu aliyebeba uji wa moto. Mwalimu alitoa kioo chake cha kukuzia, akainama. Aligeuza kopo huku na huku mpaka fundi akaingiwa na hofu.

"Tazama," hatimaye alisema, akampa kioo.

Haukuwa utelezi. Ilikuwa mioyo, midogo, ya kijani kibichi, imebanana kopo zima, kila mmoja na mpasuko wake juu. Fundi hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile, na alikasirika kwamba mtu aliyestahili kukiona hayupo.

"Sasa wape maji," Mwalimu alisema. "Ukungu tu wa chupa, kila siku. Na umwombe Mungu."

Aliwapa. Alikuwa akioga kwa maji ya moto kupita kiasi ili mvuke ujae bafuni. Alibonyeza chupa asubuhi kabla ya kazi na jioni akirudi, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumcheka, akawa anawasemesha. Aliwaambia mteja gani amemkera. Aliwaambia kwamba yeye ndiye aliyekaza ile nati. Kwa miezi kadhaa mioyo ile ilikuwa mioyo tu. Mpaka asubuhi moja, kwenye kopo la mwisho, aliona katikati ya mmoja wao kitu kimesimama. Kilikuwa kijani, chembamba kuliko punje ya mchele, kimejikunja kichwani. Fundi alijifuta macho, akatazama tena. Kangaga.

Juma hilo hilo binti alisema anakuja. Atafika Jumamosi. Fundi aliamua yote palepale: atamkalisha, atamweleza ukweli kuhusu ukuta, na kabla hajakasirika atampa kioo cha Mwalimu na kumwambia, tazama. Aliyarudia maneno hayo chini ya sinki za watu, akiyapanga upya. Hakuwahi kujiandaa kwa hotuba yoyote maishani, na hii ilimtoa jasho.

Binti alipata usafiri mapema akafika Ijumaa.

Fundi siku hiyo alikuwa kwenye nyumba ya wageni iliyofurika maji hadi ngazini, akarudi jioni amelowa magoti. Mlango haukuwa umefungwa. Ndani kulinukia sabuni na kitunguu kinachokaangwa, na kulikuwa na viatu vya mwanamke kibarazani. Moyo wake ulisahau kwanza, ukaruka kwa furaha, kisha ukakumbuka. Binti akatokea jikoni, mikono ya gauni imekunjwa, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umefika leo?"

"Nimekuja kukushtua. Lakini Baba! Ulikuwa unaishi vipi humu? Bafuni kulikuwa kunaota! Nimesugua hadi vidole vimechubuka."

Fundi alimpita akaenda bafuni. Dirisha lilikuwa linameta. Kioo kilikuwa kikavu. Kando ya sinki la kunawia, makopo ya siagi yalikuwa yamepinduliwa juu ya kitambaa, meupe, safi, yanakauka. Aliliinua moja akachungulia ndani. Lilinukia dawa ya kuulia vijidudu.

Angeweza kusema "Ahsante, mwanangu," akaenda kwenye redio. Kusema kweli ndivyo alivyotaka kufanya, na miaka yote ndivyo alivyofanya.

"Udongo wake umeumwaga wapi?" aliuliza.

"Ule? Mwingi niliutupa kwenye pipa la taka, wazoa taka wakapita wakalichukua. Uliobaki nikasuuza hapo kwenye sinki. Baba, ulikuwa umeoza, wa kijani wote."

"Haya makopo ndiyo yalikuwa mmea wa mama yako."

Binti hakuelewa; makopo aliyosimuliwa kwenye simu alidhani yana majani, tena yako uani. Basi fundi akaeleza, amesimama mlangoni mwa bafuni na kopo mkononi. Hotuba aliyoipanga haikutoka. Yalitoka maneno yaliyovurugika: kiungo kilichovuja, nati aliyoikaza kwa kumheshimu marehemu, kangaga lililokufa, uongo wa Jumapili zote, vumbi, mioyo ya kijani, maji yanayohitajika ili kimoja kikifikie kingine, na kile kijani cha juzi kilichosimama kimejikunja. Bintiye alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama yangu," alisema. "Nimekiosha."

"Hukujua."

"Baba, nimekiosha!"

Sasa tazama fundi bomba alivyo. Mtu mwingine angemkumbatia mtoto wake. Huyu aliweka kopo chini, akaenda kuchukua spana, akalala chali chini ya sinki. "Lete beseni," akasema. "Kilichopita hapa hakijafika mbali. Kinakamatwa kwenye hiki kipande kilichopinda." Akalegeza, akashusha kile kipande cha bomba, akakimwaga ndani ya beseni. Wakapiga magoti, mmoja huku na mmoja kule, wakaanza kutafuta ndani ya maji ya kijivu, kwa ncha za vidole, kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Hapakuwa na kijani chochote. Kulikuwa na povu la sabuni, mchanga, na kifundo cheusi ambacho fundi alikivuta kikaja kirefu, kikazidi kuja. Nywele. Fundi alikuwa na upara tangu ujana, na binti alikata zake fupi. Hakuna aliyeuliza ni za nani. Mzee aliziweka juu ya kiganja, na hakujua aziweke wapi tena.

Binti akaanza kulia, na katikati ya kilio akasema, "Mimi sikuutaka ule mmea."

"Nini?"

"Sikuutaka, Baba. Siku ile uliposema utanipa Mama, nilikosa la kusema. Niliogopa utakata simu. Nikatafuta kitu chochote, nikakumbuka mmea. Halafu wewe ukajibu. Jumapili iliyofuata sikuwa na kingine cha kukuuliza, nikauliza huo huo. Hata jina lake silijui."

Fundi alimtazama. Alifikiri juu ya maji ya kuchemsha, na chupa ya pasi, na kuoga maji yaliyomchoma mgongo, na kuzunguka mji mzima akichora jani hewani. Kitu kilimpanda kifuani, akadhani ni hasira, kikatoka kikiwa kicheko.

"Na mimi sikuupenda," alisema. "Tangu ulipoota. Niliuona kama aibu, fundi mzima ukuta wake unaota majani."

Bintiye alicheka, makamasi yanamtoka. Walicheka hadi mbavu zikawauma, wameshikilia kingo za beseni. Kisha kicheko kikaisha kwa pamoja, maana wote wawili walikuwa wamefika mahali pamoja: nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeupenda.

Jikoni kitunguu kilianza kuungua. Hakuna aliyeinuka. Fundi alijifuta pua kwa mkono wa shati, akakohoa, akamtazama mtoto wake aliyekuwa akikaribia umri wa kuota mvi, na akauliza kitu alichokuwa akiona haya kukiuliza kwa miaka mingi.

"Hivi, mwanangu, kazi yako hasa ni kazi gani?"

Binti aliinua macho kuona kama ni utani. Haukuwa utani. Akakaa vizuri sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kumweleza, na ilichukua muda, kwa sababu ilibidi aanzie mwanzo.